Kabla Hujanunua Rili ya Kwanza ya Kuvulia Ufuoni

Rili yangu ya kwanza ilidumu wiki saba. Niliinunua shilingi 3,500 pamoja na fimbo yake, ikiwa ndani ya plastiki ngumu yenye picha ya samaki mkubwa kuliko mtu aliyemshika. Wiki ya kwanza ilizunguka kama feni mpya. Wiki ya nne ikaanza kulia. Wiki ya saba, jioni moja ya mwezi wa tisa nikiwa ufuo wa Mambrui, samaki alivuta, nikazungusha mkono wa rili, nao ukagoma kabisa. Nilibaki nimeshika fimbo tu. Samaki aliondoka na ndoana, chubwi na karibu mita hamsini za uzi. Mzee aliyekuwa ameketi kando yangu na mshipi wake wa mkono aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine yako ni ya bahari ama ni ya kabati?"

Sikuwa na jibu. Ninaandika somo hili kwa sababu kila kusi ikiingia, bahari ikachafuka na vyombo vidogo vikakaa nchi kavu, idadi ya watu wanaovua kwa fimbo kutoka ufuoni huongezeka. Wengi ni vijana wanaotafuta kitoweo na pengine samaki wawili wa kuuza. Wengine wanataka tu kupumzisha akili. Wote huanza na swali moja dukani: ninunue rili gani? Na wengi hulipa mara mbili, kwa sababu ya kwanza hufa kabla haijarudisha gharama yake. Kwa nyumba nyingi za kaunti yetu ya Kilifi, shilingi elfu saba au nane si pesa ya majaribio. Ni sehemu ya karo.

Kwanza tazama ufuo wako

Pwani yetu si moja. Kuanzia Mtwapa kupanda hadi Watamu, sehemu kubwa ina mwamba wa matumbawe mbele ya ufuo. Mawimbi makubwa huvunjika kule kwenye mwamba, na yanayofika mchangani huwa yamechoka. Anayevua ndani ya mwamba, au katika hori ya Kilifi na Mtwapa, hana haja ya mtambo mzito. Rili ndogo na fimbo ya mita mbili na nusu au tatu inamtosha.

Kaskazini ya mji wa Malindi mambo hubadilika. Mto Sabaki unamwaga maji baridi na udongo baharini, na matumbawe hayapendi vitu hivyo viwili. Ndiyo maana kutoka mlango wa mto kuelekea Mambrui hadi upande wa Ngomeni kuna fuo ndefu za mchanga ambako mawimbi huja mpaka miguuni mwa mvuvi. Huko ndiko kuvua ufuoni hasa, kwa maana ya kusimama mbele ya mawimbi yanayovunjika na kutupa chambo katikati yake au nyuma yake. Huko pia ndiko rili hufa haraka. Yaliyo hapa chini yanamhusu zaidi anayekwenda huko. Wa ndani ya mwamba anaweza kupunguza namba moja au mbili na asiharibikiwe.

Jambo moja zaidi kabla ya duka. Mgeni wa kazi hii hudhani samaki wako mbali, kwa hiyo anataka rili ya kutupa mita 150. Nenda ufuoni wakati maji yamekupwa, hasa siku za bamvua, uangalie mchanga ulivyolala. Utaona matuta, na kati ya tuta na tuta utaona mifereji. Maji yakirudi kujaa, samaki hupita katika mifereji hiyo wakitafuta kaa na chaza waliofukuliwa na mawimbi. Mara nyingi mfereji wa kwanza uko mita 30 au 40 tu kutoka ulipo wewe. Nimeona watu wakitupa chambo kupita juu ya vichwa vya samaki, jioni nzima.

Rili inavyofanya kazi

Rili ninayoizungumzia ni ile inayoning'inia chini ya fimbo. Uzi umezungushiwa kwenye bobini iliyosimama mbele, kama bobini ya cherehani lakini pana. Wakati wa kutupa, unafungua upinde wa waya, na uzi unachomoka wenyewe kupitia ukingo wa bobini. Bobini haizunguki, na hiyo ndiyo sababu rili ya aina hii inamfaa anayeanza: haifungi mafundo kirahisi kama zile ambazo bobini yake huzunguka wakati wa kutupa na kuhitaji kidole cha kuizuia.

Ukifunga upinde na kuzungusha mkono, gia za ndani hugeuza kichwa cha rili, na upinde huo hurudisha uzi kwenye bobini. Uzi hupita juu ya kiroda kidogo sana kilicho mwisho wa upinde. Kikumbuke kiroda hicho, maana ndicho kinachoonja maji ya chumvi kabla ya kitu kingine chochote. Juu ya bobini kuna kitasa cha kukaza na kulegeza. Hicho ndicho breki. Samaki akivuta kwa nguvu kuliko breki ilivyowekwa, bobini huteleza na kumpa uzi badala ya uzi kukatika.

Hesabu ndogo itakuonyesha kazi anayofanya mtumishi huyu. Chukua bobini yenye upana wa milimita 60 na gia ya 5 kwa 1, yaani mkono ukizunguka mara moja kichwa huzunguka mara tano. Kila mzunguko wa mkono unarudisha karibu sentimita 94 za uzi. Ukitupa mita 70, unahitaji mizunguko 75 kuurudisha. Ukivua saa tatu na kubadilisha chambo kila dakika kumi, hiyo ni mara 18, sawa na mizunguko zaidi ya 1,300 kwa jioni moja, uzi ukiwa umelowa maji ya chumvi na umebeba chembe za mchanga.

Anayeua rili ni chumvi

Samaki ni nadra sana kuvunja rili. Chumvi ndiyo inayoiua, ikisaidiwa na mchanga. Tone la maji ya bahari huingia kupitia kiroda, kupitia tundu la mkono au chini ya bobini. Maji hukauka, chumvi hubaki. Grisi hugeuka kuwa uji mgumu, beringi hushika kutu, na skrubu ya chuma iliyokaa ndani ya bodi ya aluminiamu hung'ang'ania mpaka fundi akitaka kuifungua inakatika kichwa. Mchanga ukichanganyika na uji huo, kila mzunguko wa mkono ni kama kusugua gia kwa msasa.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "ina nguvu kiasi gani?" Uliza maji yanaingilia wapi. Rili nyingine zina mipira ya kuzuia maji, ambayo mafundi wa magari huiita sili, kwenye tundu la mkono, chini ya kitasa cha breki na kwenye bodi. Baadhi zina alama ya IPX ikifuatwa na namba. Namba 5 maana yake imejaribiwa kwa maji yanayorushwa kwa bomba, namba 6 kwa maji yenye nguvu zaidi, na namba 8 kwa kuzamishwa. Hiyo X inasimama mahali pa kipimo cha vumbi, na maana yake ni kwamba kipimo hicho hakikutajwa. Kwa maneno mengine alama hiyo inazungumzia maji tu. Haikuahidi lolote kuhusu mchanga wa Mambrui, na haikuahidi kwamba mpira utabaki mpya baada ya miaka miwili.

Rili yenye sili kamili ni ghali. Ikiwa mfuko hauruhusu, usikate tamaa, lakini basi nunua ile unayoweza kuifungua mwenyewe. Iwe na skrubu za kawaida, bodi yenye kifuniko kimoja cha pembeni, na karatasi ya mchoro wa vipuri ndani ya kisanduku. Rili isiyo na sili inayosafishwa na kupakwa grisi kila baada ya miezi michache huishi kuliko yenye sili iliyotupwa nyuma ya mlango.

Kuhusu bodi, ziko za aluminiamu na ziko za plastiki ngumu. Aluminiamu haipindi samaki mzito anapovuta, kwa hiyo gia hukaa mahali pake. Lakini rangi yake ikichunika, chumvi huila na utaona unga mweupe. Plastiki haishiki kutu kamwe, ila ile ya bei rahisi hujikunja chini ya mzigo. Mimi ningechagua aluminiamu nikiwa na pesa. Nikiwa sina, plastiki nzuri hainitii aibu.

Namba, na maneno makubwa ya kwenye kisanduku

Makampuni mengi hupanga ukubwa wa rili kwa namba, kuanzia 1000 hadi 20000 na zaidi. Namba hizo si kipimo rasmi, na 6000 ya kampuni moja inaweza kuwa na ukubwa wa 8000 ya kampuni nyingine. Zichukue kama saizi za viatu vya mitumba: zinakusogeza karibu, kisha unapima. Kwa ndani ya mwamba 4000 inatosha. Kwa mawimbi ya wazi anza na 6000. Ukiwa na fimbo ya mita nne na chubwi ya gramu 150 unaweza kupanda hadi 8000. Zaidi ya hapo utakuwa unabeba uzito ambao mkono wako utaulalamikia kabla maji hayajajaa. Rili nyingi za 6000 zina uzani wa kati ya gramu 500 na 700, na huo tayari ni mzigo kwa saa tatu.

Kipimo cha kweli kimeandikwa ubavuni mwa bobini: inabeba mita ngapi za uzi wa unene gani. Tafuta inayobeba angalau mita 200 za nailoni ya milimita 0.40. Hapo utakuwa na akiba hata kolekole mkubwa akikimbia, au taa akiamua kuondoka polepole bila kugeuka, kama ilivyo tabia yake.

Sasa breki. Kisanduku kitakwambia breki ina nguvu ya kilo 15, na muuzaji atasoma namba hiyo kwa sauti. Nailoni ya milimita 0.40 hukatika kwenye mzigo wa kilo kumi hivi. Breki huwekwa kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, kwa hiyo utaiweka kwenye kilo mbili na nusu au tatu. Hizo kilo 15 hutazifikia maishani mwako na uzi huo. Unachotaka ni breki laini, inayoachilia uzi bila kushtuka, kwa sababu mshtuko ndio unaokata uzi. Ukitaka kuipima, pitisha uzi kwenye fimbo, ufunge kwenye mizani ya kuning'iniza kama ile ya muuza samaki, kisha vuta. Sindano ipande na kutulia. Ikiruka ruka, rudisha rili kwenye kabati la duka.

Chagua yenye kitasa cha breki mbele, juu ya bobini. Za kitasa cha nyuma huwa na sahani ndogo za breki na vipande vingi zaidi. Ziko pia zenye kitufe cha pili cha kumruhusu samaki aondoke na chambo kabla hujamkaza. Ni kitu kizuri, lakini kinaongeza sehemu za kushika kutu. Kiache kwa rili ya pili.

Beringi ndizo zinazouza rili siku hizi. Utaona "10+1" imeandikwa kwa dhahabu. Beringi nne au tano nzuri zinatosha, na kumi za bei rahisi ni nafasi kumi za kutu. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Mbio nazo zisikubabaishe. Gia ya 5 kwa 1 au karibu na hapo ina nguvu ya kukokota chubwi na mwani. Zile za 6 na zaidi zimefaa watu wanaovuta chambo bandia kwa kasi.

Majaribio ya dakika tano dukani

Usinunue rili ambayo hukuizungusha. Kama ni mtandaoni, hakikisha unaweza kuirudisha, na uitishe risiti hata ukilipa kwa simu. Ukiwa nayo mkononi, izungushe polepole ukiwa umeinamisha sikio. Sauti ya kukwaruza ikiwa mpya haitaisha kwa kutumika. Shika mkono wa kuzungushia uusukume mbele na nyuma. Kucheza kidogo ni kawaida, kucheza sana ni gia zilizolegea. Mkono unaoingia kwa kujisokota moja kwa moja kwenye gia ni imara kuliko ule unaopitishwa nondo nyembamba na kukazwa upande wa pili.

Kisha gusa kile kiroda. Pitisha uzi juu yake uvute huku na huku uone kama kinazunguka. Kisipozunguka uzi utakilia mfereji, na hiyo ni nyuzi kukatika bila sababu unayoijua.

Sasa jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Fungua upinde wa waya, uitikise rili kwa nguvu kama unayetupa. Upinde usijifunge. Upinde unaojifunga katikati ya kutupa hukatiza uzi ghafla, uzi unakatika, na chubwi ya gramu 120 inaondoka peke yake kama jiwe la kombeo. Ufuo wetu una watoto wanaocheza, akina mama wanaosubiri samaki na wageni wanaotembea. Hilo si suala la kifaa kizuri au kibaya. Mtu anaweza kufa. Na hata upinde ukiwa mzuri, jizoeze kuufunga kwa mkono baada ya kutupa badala ya kuuacha ujifunge kwa kuzungusha. Hupunguza uchakavu na kuuzuia uzi kujisokota.

Malindi na Watamu ni miji inayojulikana kwa uvuvi wa mchezo wa bahari kuu, kwa hiyo rili za mitumba hupatikana. Nyingine ni bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Lakini muombe muuzaji aiondoe bobini. Chini yake ndiko ukweli uliko. Ukiona unga mweupe au kutu kwenye mhimili, msalimie uende zako.

Pesa igawanywe vipi

Kosa langu lilikuwa kununua vyote kwa pamoja kwa bei moja. Kosa la rafiki yangu lilikuwa kinyume: alitumia pesa zote kwenye rili, kisha akaifunga kwenye fimbo iliyovunjika Jumapili ya pili. Tuseme una shilingi 15,000. Weka nusu kwenye rili, kama 4,500 kwenye fimbo, na zilizobaki kwenye uzi, ndoana na machubwi. Ukiwa na pungufu, punguza fimbo kabla ya rili. Fimbo ya kawaida ikioshwa huishi, rili ya kawaida katika mawimbi haina maisha.

Kwa uzi, anza na nailoni. Ni rahisi, inavumilia kusuguliwa na mchanga, na inanyumbuka samaki akishtuka. Uzi wa kusuka ni mwembamba na huenda mbali, ila una bei, hukata kidole na mafundo yake huhitaji subira. Jaza bobini mpaka ibaki milimita mbili au tatu kufikia ukingo. Ukijaza kupita hapo uzi utatoka kwa mafungu, ukipunguza sana hautafika kwenye mfereji. Mbele ya uzi funga kipande kinene zaidi, cha kutosha kurudi kutoka ncha ya fimbo hadi kwenye bobini na kuzunguka mara kadhaa. Kipande hicho ndicho kinachobeba mshindo wa kutupa. Kwa chubwi ya gramu 115, kiwe na nguvu ya kilo 20 hivi. Na vaa glavu, walau ya kidole cha shahada.

Ukitoka ufuoni

Hapa ndipo rili huokolewa au kuzikwa. Jioni ile ile, kabla hujala, kaza kitasa cha breki ili maji yasiingie kwenye sahani zake. Mwagia rili maji baridi taratibu kwa kikombe au chupa iliyotobolewa kifuniko. Usiitumbukize kwenye ndoo, na usiielekezee maji ya nguvu, kwa kuwa utasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Ifute, iache kivulini ikauke, kisha ulegeze breki kabisa ili sahani zisibanane.

Maji baridi nimesema, na hapa kuna mtego wa nyumbani. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina maji ya chumvi chumvi. Kuosha rili kwa maji hayo ni kuipaka chumvi mara ya pili. Tumia maji ya mvua au ya mfereji. Lita moja inatosha.

Kila baada ya safari nne tia tone moja la oili nyepesi kwenye kiroda. Kwa ndani tumia grisi inayouzwa kwa wenye injini za boti. Mafuta ya kupikia hapana, hata kidogo, yanaganda kama gundi. Nimeona.

Ufuoni penyewe usilaze rili mchangani. Kata mita moja ya bomba la plastiki la inchi mbili kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ulichonge ncha, ulichome ardhini na kusimamisha fimbo humo. Ni ulinzi mkubwa kuliko sili zote. Rili ikianguka mchangani usizungushe mkono kuona kama ni nzima. Ioshe kwanza, ndipo uizungushe.

Usalama na sheria

Usivue peke yako kwenye mlango wa Sabaki, hasa jioni. Kuna viboko, na mamba pia. Msimu wa kusi mkondo unaovuta kuelekea baharini hauonekani kwa macho ya asiyezoea, kwa hiyo maji yakifika magotini yametosha. Ukinasa ndoana mahali, usiingie kuifuata. Kata uzi.

Hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, haziruhusu kuvua kwa namna yoyote, fimbo ikiwemo. Mipaka yake iulize kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla ya kutupa ndoana, maana hakuna ukuta baharini. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na mambo ya leseni, hata kwa anayevua kwa burudani, yaulizie katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe. Ukifika kwenye bandari ya wavuvi usiyoijua, piga hodi kwa viongozi wa BMU wa mahali hapo. Watakuonyesha sehemu ambazo wenzako huegesha vyombo na kutandaza nyavu, usije ukawatupia ndoana. Watakuonyesha pia mfereji ulipo msimu huu, kwa sababu mchanga huhama, na wao ndio wanaouona kila siku.